Chumvi ya Nakijwa

Nataka nijibiwe swali moja kabla sijaendelea, na kama hakuna wa kunijibu nitalijibu mwenyewe kwa ukali wangu niliouzoea: mmea unapofungua mzizi wake, unamjuaje anayeingia? Mtu akibisha hodi kwangu namuuliza yeye ni nani. Nachungulia, natazama miguu yake, nasikiliza lafudhi yake, kisha namkaribisha au namfukuza. Mmea wa maharage haufanyi hivyo. Umesimama gizani ndani ya udongo, una njaa, na yeyote aliyefanana na chakula unamwambia karibu. Niliishi miaka yote hii bila kujiuliza. Siku nilipojiuliza jua lilikuwa linakaribia utosi, wanawake walikuwa wamejaa uani kwangu, na mjukuu wangu alikuwa anasubiri kupewa jina.

Mimi ni Nakijwa, mchujaji wa chumvi ya majivu. Mji wetu umeng'ang'ania mtelemko usio na juu wala chini; ukipanda siku nzima unajikuta umerudi mlangoni kwako, na watu wazima wamekwisha acha kushangaa. Chumvi ya dukani hatuitaki kwenye mboga. Tunakausha mabua na maganda ya maharage, tunayachoma mahali palipofagiwa, majivu tunayatia kwenye chungu kilichotobolewa matundu chini, tunamimina maji, na maji yale yanadondoka taratibu kwenye chungu cha pili yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Hiyo ndiyo chumvi. Inalainisha maharage, inapunguza uchungu wa mnavu, na asiyeizoea husema ina ladha ya moshi. Majivu yanayobaki tunayamwaga kwenye matuta ya mboga ili wadudu wasisogee. Hakuna kinachopotea, na nilikuwa nalisema hilo kwa sauti, kifua mbele.

Mtoto wa kwetu hana jina mpaka afikishe miezi sita. Anaitwa mtoto, basi. Siku ya kuonjeshwa, bibi anachovya kijiko kwenye mchuzi wenye chumvi, anamgusa nacho ulimini, na papo hapo mtoto anachukua jina la yule ambaye chumvi ni yake. Ndiyo maana wasichana wengi wa mtelemko huu wanaitwa Nakijwa. Na mimi nilipewa jina hilo na Nakijwa aliyekuwa kabla yangu, naye alipewa na mwingine, na ukirudi nyuma sana unakuta mwanamke mmoja tu aliyekaa mahali pamoja na kijiko mkononi. Mara nyingi nikionjesha nasahau mimi ni yupi. Nalihisi paja la bibi yangu chini yangu, na wakati huohuo nahisi uzito wa mtoto juu ya paja langu. Ulimi wangu unaonja na mkono wangu unaonjesha. Mwingine angeona hapo udogo wake. Mimi niliona ukubwa wangu.

Vumbi lilikuja maharage yakiwa kwenye maua. Ng'ambo ya mlima kuna Jumba ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona, na wenye Jumba hilo tunawaita Wakubwa kwa sababu hatujui jina lao jingine. Siku moja mbingu za upande ule zikawa na rangi ya maziwa yaliyochacha, na vumbi jembamba likashuka siku tatu bila upepo. Likatua kwenye migomba, likatua kwenye mchicha, likaingia kwenye maua ya maharage. Mwanangu Eliapenda alichukuliwa pamoja na wenzake kwenda kufagia huko kwa Wakubwa. Aliacha mke mwenye mimba, Niendiwe, na mpaka leo hajarudi yeye wala ufagio wake. Kipaza sauti cha sokoni kilitangaza kwamba ni vumbi tu, tuoshe mboga vizuri na tuendelee na kazi.

Tukaosha. Lakini mimi sikuridhika na kuosha. Nilisimama katikati ya soko nikawaambia watu: leteni kila kilichoguswa na vumbi, mabua, majani ya migomba, maganda, magugu, leteni kwangu nichome. Moto unasafisha. Nani kati yenu hajui kwamba moto unasafisha? Sufuria tunazisugua kwa majivu, mbegu tunazihifadhi kwenye majivu, bibi zetu walisugua meno kwa majivu yakang'aa. Watu wakaleta. Walileta kwa vichwa na kwa migongo, uani kwangu pakawa na mlima wa pili. Sijawahi kuwa na majivu mengi kama mwaka ule, wala chumvi nyingi kama ile, na niligawa kila nyumba bila kinyongo. Nilijiona nimewashinda Wakubwa kwa chungu cha udongo.

Lipo kosa jingine, dogo kwa macho, na hilo ndilo linalonitafuna. Mama yake Niendiwe anakaa katika bonde ambalo vumbi halikufika. Wiki moja kabla ya siku ya kuonjesha alimletea binti yake kibuyu cha chumvi yake ya mwaka wa nyuma. Niendiwe alikiweka kichanjani, kisha akanijia akiwa amempakata mtoto.

"Mama, nilikuwa naomba," alisema. "Huyu aonjeshwe chumvi ya kwa mama yangu. Mama hana hata mjukuu mmoja mwenye jina lake."

"Mtoto wa nyumba hii aitwe jina la bondeni?"

"Ni ombi tu, Mama."

"Na baba yake akirudi nimwambie nini?"

"Akirudi nitamwambia mimi."

Lile neno mimi lilinikera. Nilikishusha kibuyu kutoka kichanjani, nikakifungua, nikakimwaga chote hapo kizingitini mbele ya macho yake. Niendiwe hakulia. Alichukua ufagio akayafagia yale matope polepole, akaniamkia kesho yake kama kawaida, na mimi nikadhani nimeshinda tena.

Basi asubuhi ya siku yenyewe, wanawake wakiwa wameanza kuwasili, mtu akabisha hodi. Alikuwa mwanamume wa makamo, viatu vimejaa tope, mkononi ana kisanduku cha chuma chenye mkanda wa kuvaa begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hicho ni nini?"

"Ni cha kupimia. Naitwa Shekiondo, nimetumwa na Wakubwa nipime vyakula."

"Mwaka mzima umepita ndiyo wanakumbuka kupima?"

"Wangesahau kabisa ningefanyaje, Mama?" alisema, akacheka kidogo, na kwa cheko lile nikampenda.

Nilimtembeza mwenyewe. Kisanduku kilikuwa kinatoa sauti ndogo ya kukatika, tk, kisha kimya, kisha tk. Alikiinamisha juu ya mchicha uliooshwa: tk, kimya kirefu. Juu ya maharage makavu ndani ya gunia: kimya kilifupika kidogo. Alisema si kitu cha kuogopesha. Tulipofika kwenye matuta yangu ya mboga karibu na mlango, kisanduku kikachangamka, naye akakunja uso.

"Hapa mmeweka nini?"

"Majivu. Ya kufukuzia wadudu."

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi kwa wageni wangu, na nilimwona mtu mwenye njaa. Nikamwingiza jikoni, nikampa kigoda, nikampakulia maharage na mnavu, nikatia chumvi kwa mkono wangu mwenyewe, chumvi nyingi, kwa sababu ni mgeni.

Nilipoweka sahani mbele yake kisanduku kilianza.

Hakikusema tk na kunyamaza. Kilisema mfululizo, kama mvua ya kwanza inavyopiga bati. Shekiondo alikitazama, kisha akaitazama sahani, kisha akanitazama mimi. "Sikukizima," alisema kwa sauti ya chini. "Nilisahau kukizima." Akaisogeza sahani mbali, sauti ikapungua. Akairudisha, ikapanda. Tonge alikuwa hajalitia mdomoni. Akainuka akaanza kutembea jikoni akifuata mlio, akipita jiko, akipita gunia, mpaka kwenye kona ambako vyungu vyangu viwili vimekaa kimoja juu ya kingine, na matone yanadondoka. Hapo kisanduku kikapoteza nafasi zote kati ya tk na tk. Kilikuwa kinalia sauti moja.

"Mama," alisema, "hii ni nini?"

"Hiyo ndiyo chumvi yetu. Hiyo ndiyo mimi."

Akakaa chini, si kwenye kigoda, sakafuni. Akanieleza, na nitalisema kama alivyolisema kwa sababu alilisema vizuri. Alisema katika vumbi lile kuna kitu ambacho mzizi hauwezi kukitofautisha na chakula chake. Mmea una chakula fulani unachokitafuta udongoni ili shina likaze na punje zijae, na hicho kitu kina sura ya chakula hicho, kinapita mlango uleule, kinakwenda mpaka kwenye jani na punje. Udongoni kinakaa miaka thelathini ndipo nusu yake itoke, na miaka mingine thelathini itoke nusu ya iliyobaki. Ukiosha jani unatoa kilichotua juu, kilichoingia ndani huwezi. Na kinyume cha unavyodhani, Mama, moto haukiunguzi. Magunia kumi ya mabua yakiungua yanabaki debe moja la majivu. Vyote vilivyokuwa kwenye magunia kumi sasa vimo ndani ya debe. Halafu mnapitisha maji, na chenyewe kinapenda maji, kinashuka nayo.

Sikumwambia kwamba hayakuwa magunia kumi. Yalikuwa ya mji mzima.

Nje walianza kuniita. Mmoja alipiga kigelegele cha majaribio, wenzake wakamcheka kwa kuwahi. Kwetu mtoto anaonjeshwa saa sita mchana, kivuli cha mtu kinapoingia chini ya nyayo zake, na kupitia mlangoni niliona vivuli vya wanawake vimebaki vifupi kama mikate.

"Umemwambia nani mwingine?" nilimuuliza.

"Wewe tu."

"Na nikinyamaza?"

"Mimi nitaandika. Karatasi itapanda mlimani. Ikirudi, itarudi mwakani."

"Kijiko kimoja kitamuua mtoto?"

Alihesabu kwanza kwa vidole, na kwa hilo namheshimu. "Hapana," alisema. "Kijiko kimoja hakimuui. Lakini mji huu umekula vijiko vingapi? Na kesho utakula vingapi?"

Hapo ndipo nilipojua ninachokiogopa, na sitajipamba. Sikuogopa chumvi. Niliogopa kutoka nje nikiwa si Nakijwa. Nilifikiri: nimgusishe mtoto tone moja, apate jina, wanawake wale waende makwao wameshiba, kisha kesho nitatafuta namna, nitasema vyungu vimepasuka, nitasema nimezeeka. Mpango ulikuwa mzuri. Nilichukua kijiko, nikakichovya. Tone lilikuwa linaning'inia ncha ya kijiko, na ndani ya kimya cha jikoni nikamsikia Mgeni mwenyewe, yule aliyeingia kwa mlango wa mzizi, akisema. Mnaweza kusema ni kichwa changu. Sauti ilitoka chunguni, ikasema:

Nilibisha. Nikaambiwa karibu.

Sikuvunja mlango wa mtu. Nina sura ya ndugu yenu, nimesimama mlipozoea kumwona amesimama.

Nilikuwa nimetawanyika, Nakijwa. Kila jani na chembe yake, mtelemko mzima. Nilikuwa mdogo, nilikuwa mpweke. Ningeweza kuzikwa chini ya jembe nikasahaulika.

Wewe ukaniita sokoni. Ukasema leteni.

Jani liliondoka na moshi. Mimi nikabaki. Ukaniogesha, nikashuka na maji.

Wakubwa walinitupa. Wewe ulinipikia.

Na sasa nipe jina lako. Nimelifanyia kazi.

Nikatoka nje, kijiko mkononi.

Jua lilinipiga usoni. Uani palinyamaza kwa heshima, maana walikiona kijiko. Niendiwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, amemvika mtoto kanga nyeupe, na pembeni yake pamewekwa kigoda changu. Nilikaa. Alinipa mtoto bila kunitazama. Mtoto alikuwa mzito, ana joto, ananuka maziwa, na alipokiona kijiko akafungua kinywa chake mwenyewe, kinywa kisicho na jino. Hakuuliza ni nani. Nikauona mzizi.

Wakati ukateleza kama unavyoteleza siku zote ninapoonjesha. Nilikuwa juu ya paja na nilikuwa na paja. Akina Nakijwa wote walikuwa wamefungua vinywa, mmoja nyuma ya mwingine, na kijiko kilikuwa kimoja. Mkono ulikuwa unashuka wenyewe kwa mazoea ya miaka hamsini, na ilinibidi niushike kwa mkono wa pili. Nikakigeuza kijiko. Tone likaanguka mchangani.

"Msiile," nilisema.

Walidhani sijasema vizuri. Nikarudia. Nikawaambia yote, wakiwa wamesimama, kwa sauti ileile niliyotumia sokoni: kwamba vumbi limo ndani ya chumvi, kwamba moto haukulisafisha bali ulilikusanya, kwamba niliwaambia leteni na wakaleta, kwamba nyumba zote zimekula kutoka mkononi mwangu mwaka mzima, na kwamba mtu yule aliyesimama mlangoni na kisanduku anajua. Nilisema mimi ndiye niliyefanya. Sikuwataja Wakubwa. Ningewataja ningepata nafuu, na nafuu sikuitaka.

Hakuna aliyenipiga. Jirani yangu mmoja aliyezaa watoto wanne mwaka hadi mwaka alisema tu, "Nakijwa, sisi tulikuamini," akaondoka na sufuria yake aliyokuja nayo. Wengine wakamfuata. Viatu vilivyokuwa vimejaa mlangoni vikaondoka jozi kwa jozi, mpaka pakabaki watu watatu na mtoto.

Niendiwe alikuwa hajasogea. Alimgeukia Shekiondo.

"Bwana, mimi nimeila hiyo chumvi tangu nina mimba."

"Najua, dada."

"Na huyu hajala kitu ila ziwa langu."

Shekiondo aliinamisha kichwa. "Ulichokula wewe, na yeye amekula."

Niendiwe alinyoosha mikono akamchukua mtoto kutoka pajani kwangu, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga ingawa mdomo ulikuwa mkavu.

"Ya mama yangu uliimwaga," aliniambia. Hakupaza sauti. "Basi huna haja ya kijiko, Mama. Ameshaonja. Jina lako analo."

Nililia. Nasema wazi kwamba nililia, mbele ya mke wa mwanangu na mbele ya mgeni, na hakuna aliyenibembeleza, na nilistahili.

Shekiondo ndiye aliyesema jambo la mwisho la maana siku ile. Alisema mwili si udongo. Udongoni ni miaka thelathini, lakini mtoto mchanga anakitoa haraka. Wiki chache na nusu imeondoka, wiki nyingine chache na nusu ya iliyobaki, mradi asiongezewe. Mama yake naye kitamtoka, kwa miezi. Kila kitu kilitegemea neno hilo, asiongezewe. Alituonyesha wapi pa kuchimba shimo, chini kuliko mizizi inavyofika, mbali na maji. Tukaambiwa majivu yasirudi tena shambani, na udongo wa juu wa matuta yangu ukwanguliwe uzikwe nayo. Kisha akakizima kisanduku, akaomba maji ya kunywa, akapanda kuelekea ng'ambo. Chakula chetu hakukigusa.

Shimo nililichimba mwenyewe, mchana wa siku tatu. Nilishusha vyungu vyote viwili bila kuvivunja. Siku ya pili wanawake walianza kuja mmoja mmoja na vibuyu vyao, wakavidondosha shimoni, wakaondoka bila kuniamkia. Nilivihesabu kwa masikio tu, kila kimoja kikigonga mwenzake. Mpaka shimo linafunikwa nilikuwa nimesikia kila nyumba.

Sasa tunakula mboga bila chumvi, na mnavu ni mchungu kama ulivyozaliwa. Watu wa mji huu wamenipa kisogo, na mtelemko unaonirudisha kila siku mlangoni kwangu sasa unanirudisha mahali ambapo hakuna anayebisha hodi. Isipokuwa mmoja. Kila asubuhi, jua likishachomoza, Niendiwe anavuka ua akiwa amempakata binti yake, anasimama kizingitini, palepale nilipomwaga kibuyu. Haingii. Ananiamkia kwa adabu, nami naitikia. Ameanza kuhesabu wiki kwa mafundo kwenye uzi aliomfunga mtoto mkononi, na kila nikiutazama uzi ule nayahesabu upya, kwa hofu, na kwa tumaini ambalo sina haki nalo. Kisha anamgeuza mtoto anitazame usoni, anauinua mkono wake mdogo, anampungisha.

"Nakijwa," anamwambia, "mwamkie Nakijwa."